Kwa nini samaki hufa kwa wingi katika maziwa yenye kina kifupi, na wakati unaofaa kupandikiza upya

MNAMO Februari 2010, samaki waliokufa walianza kuonekana wakielea kando ya Ziwa Naivasha. Kama ilivyo kawaida ya visa vya aina hiyo, wanunuzi waliingiwa na hofu na wavuvi wakabaki na samaki wasio na mnunuzi.

Lawama za kwanza zilielekezwa kwa mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa hilo, kwa madai kwamba dawa za kuua wadudu zilikuwa zimetiririka majini. Uchunguzi wa idara za serikali, hata hivyo, ulihitimisha kwamba samaki hao walikufa kwa kukosa hewa ya oksijeni. Mjadala haukuishia hapo, wala haikuwa ajabu. Ziwa hilo hilo ndilo linalowalisha wavuvi, ndilo linalonywesha mifugo ya wafugaji, na ndilo linalomwagilia maua yanayouzwa Ulaya. Kila upande una sababu ya kumshuku mwenzake.

Mfuatano wa matukio ya miezi iliyotangulia, lakini, unaeleza mengi. Ukame wa mwaka 2009 ulikuwa umelipunguza ziwa hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo kadhaa. Fuo zikawa pana, mifugo ikachungwa mahali palipokuwa maji, na kinyesi kikarundikana. Kisha mvua ikanyesha kwa nguvu. Mito ikabeba udongo, samadi na majani makavu, ikavimwaga vyote kwa mkupuo mmoja ndani ya maji machache yaliyosalia. Sumu au bila sumu, ziwa lililo katika hali hiyo huwa limekwisha kuwekewa mtego.

Maziwa ya namna hii si haba katika eneo hili la Afrika. Baringo, Jipe, Kanyaboli lililoko ndani ya kinamasi cha Yala, na Ziwa Kenyatta karibu na Mpeketoni katika Lamu ni mifano ya hapa Kenya. Hata Ziwa Victoria, ambalo kwa ukubwa ni kama bahari, lina Ghuba ya Winam ambayo kina chake ni kifupi mno kikilinganishwa na ziwa lenyewe. Nchini Uganda kuna Ziwa George, na Malawi kuna Chilwa, ziwa ambalo limewahi kukauka kabisa na kurudi tena.

Yote yanafanana kwa jambo moja: huzaa samaki kwa wingi wa kustaajabisha, na huwaua kwa wingi vilevile. Sababu ya mambo hayo mawili ni moja.

Hewa ya majini

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na maji hayawezi kubeba nyingi. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Joto likifika nyuzi 30, kiasi hicho hushuka hadi karibu miligramu saba na nusu. Ukipanda mlima hupungua zaidi, kwa kuwa hewa yenyewe ni nyepesi. Ziwa Naivasha, lililo takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, huanza basi na akiba iliyo pungufu kwa karibu moja kwa tano ikilinganishwa na ziwa la pwani lenye joto sawa.

Akiba hiyo huongezwa na upepo unaovuruga uso wa maji, na zaidi ya hapo huongezwa na mimea midogo ya kijani isiyoonekana kwa macho, yaani mwani unaoyapa maji rangi yake. Mchana, jua likiwaka, mwani hutoa oksijeni. Usiku, jua likizama, mwani huo huo hugeuka mlaji: hupumua kama viumbe wengine na kuitumia oksijeni ulioitoa mchana. Ndiyo maana kiwango cha oksijeni katika ziwa lenye rutuba huwa cha juu alasiri na cha chini kabisa alfajiri, muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Ziwa George ndilo lililowafunza wanasayansi somo hili kwa ukamilifu. Lina ukubwa wa takriban kilomita 250 za mraba, liko kwenye ikweta, na wastani wa kina chake ni mita 2.4 tu, kimo ambacho mtu mrefu akiinua mkono angekaribia kutokeza vidole. Kundi la watafiti lililofanya kazi huko kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 liligundua kwamba ziwa hilo hujigawa matabaka kila siku. Mchana maji ya juu hupata joto na kuelea juu ya yale ya chini yaliyo baridi. Usiku upepo na ubaridi huyachanganya tena. Maadamu mchanganyiko huo hufanyika kila usiku, hakuna madhara.

Hatari huja pale ambapo hali tulivu imedumu kwa siku kadhaa. Maji ya chini hukaa bila kuguswa, uozo ulio kwenye tope huifyonza oksijeni yote, na gesi zenye harufu ya mayai viza huanza kujikusanya. Dhoruba ikivuma siku hiyo, tope hufumuliwa, maji mafu hupanda juu, na samaki waliokuwa wakiishi salama katika tabaka la juu hujikuta hawana pa kukimbilia. Katika ziwa lenye kina cha mita 80 kuna nafasi ya kuhama. Katika lile la mita mbili, juu na chini ni mahali pamoja.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea katika Ghuba ya Winam mwaka 1984, samaki wengi wakiwemo mbuta wakafa, na watafiti waliolichunguza walilihusisha na dhoruba zilizopandisha maji yasiyo na oksijeni. Mnamo Novemba 2022 ikawa zamu ya wafugaji wa samaki katika vizimba upande wa Kisumu. Samaki wao, waliofungiwa ndani ya nyavu na wasioweza kuhama hata hatua moja, walikufa kwa wingi, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) ikaeleza kwamba chanzo kilikuwa maji ya chini yaliyopanda juu yakiwa yamepungukiwa na oksijeni. Mfugaji wa kizimba ana hasara kubwa kuliko mvuvi, maana yeye amekwisha kununua vifaranga na kugharamia chakula kabla ya kuvua hata samaki mmoja.

Kuna njia nyingine mbili za kifo ambazo hazisemwi sana. Ya kwanza ni mwani wenyewe kufa ghafla. Maji yaliyokuwa ya kijani hugeuka kahawia au kijivu katika muda wa siku moja au mbili, na uozo wa mwani huo huimaliza oksijeni. Ya pili ni maji ya kinamasi. Chini ya mafunjo maji huwa meusi na karibu hayana oksijeni; mvua kubwa huyasukuma yakaingia ziwani. Si kwamba mafunjo ni adui. Huchuja udongo na mbolea ya mashambani, na maeneo ambayo yamefyekwa mafunjo hupata madhara makubwa zaidi mafuriko yajapo. Ila mvuvi anayetega nyavu kwenye mlango wa kinamasi baada ya mvua asishangae akikuta samaki wamekufa mle mle nyavuni.

Kutofautisha sumu na ukosefu wa hewa

Swali hili ndilo huzua ugomvi, na mara nyingi hujibiwa kabla ya mtu kuyatazama maji. Zipo dalili ambazo mvuvi mzoefu anaweza kuzisoma mwenyewe, ingawa jibu la mwisho hutolewa na maabara.

Samaki wanaokosa oksijeni huanza kuonekana alfajiri wakiwa juu ya maji, wakipapasa hewa kwa midomo. Wakubwa hutangulia kufa, kwa sababu mwili mkubwa huhitaji hewa nyingi. Wengi hufa vinywa vikiwa wazi na matamvua yametanuka. Jua likipanda, waliosalia hupata nafuu. Kambare, ambaye ana kiungo maalumu cha kuvutia hewa ya kawaida, huonekana akiendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna msiba.

Sumu haichagui saa. Samaki wanaweza kufa adhuhuri, na mara nyingi wadogo hutangulia. Huogelea kwa kupinda na kuzunguka, na wadudu wa majini nao hufa pamoja nao. Kambare hapo hana kinga. Basi mtu anayetaka ushahidi utakaosimama mbele ya mamlaka hana budi kuchukua maji siku ile ile, tena kabla jua halijapanda, katika chupa safi iliyojazwa hadi mdomoni na kufunikwa, na kuandika saa na mahali. Sampuli inayochukuliwa alasiri ya siku ya tatu haithibitishi lolote. Ziwa huwa limekwisha kupumua.

Samaki waliookotwa wakielea wasiuzwe wala kukaushwa. Hata kama kilichowaua ni ukosefu wa hewa tu, hakuna ajuaye walikufa saa ngapi, na baadhi ya mwani wa kijani-buluu hutoa sumu inayodhuru ini la binadamu na mifugo. Inauma kumwambia hivyo mvuvi ambaye hana kingine cha kuuza wiki hiyo, lakini mnunuzi mmoja akiugua, soko zima la ufuo huo hufungwa kwa miezi.

Anayekufa na anayebaki

Ziwa likipata nafuu, samaki waliomo si wale wale waliokuwemo. Mbuta huhitaji maji yenye oksijeni nyingi na ni miongoni mwa wa kwanza kufa. Tilapia ni mvumilivu. Anaweza kustahimili kwa saa chache kiwango kilicho chini ya miligramu moja kwa lita, ijapokuwa hakui vyema kikiwa chini ya tatu. Karpu anastahimili pia, na huchimbua tope anapotafuta chakula hata maji yakachafuka. Kambare na kamongo huvuta hewa ya juu, na baadhi ya jamii za kamongo hujizika topeni na kungoja mvua.

Tilapia ana sifa nyingine iliyogunduliwa katika Ziwa George. Tumbo lake hutoa asidi kali mno kiasi cha kumeng'enya mwani wa kijani-buluu, ambao wanyama wengi hawawezi kuutumia. Hii ndiyo siri ya wingi wa samaki katika maziwa yenye kina kifupi. Rutuba hukuza mwani, mwani hulisha tilapia moja kwa moja bila kupitia kwa kiumbe mwingine, na mvuvi hupata kitoweo. Na rutuba hiyo hiyo ndiyo inayomaliza hewa usiku. Anayetaka ziwa lisiloua samaki kamwe anataka ziwa lisilo na samaki wengi.

Baringo inaonyesha jinsi mizani hiyo inavyogeuka. Ziwa hilo lina tilapia wake wa kipekee asiyepatikana kwingine. Kamongo aliingizwa humo katika miaka ya 1970. Udongo uliomomonyoka kutoka milimani ulipozidi kuyafanya maji kuwa kama chai ya maziwa, na kina kilipopungua, tilapia alirudi nyuma huku kamongo akisonga mbele, hata akawa ndiye anayejaza mitumbwi. Maji ya Baringo yalipanda sana baadaye, kuanzia mwaka 2010 hivi, yakafunika nyumba, shule na barabara. Msiba kwa wenye mashamba ukawa, kwa upande wa samaki, nafasi mpya ya kuzaliana kwenye nyasi zilizofurikwa.

Kuvua kabla ya kifo

Je, ni haki kumzuia mvuvi asivue samaki ambao kila mtu anajua watakufa mwezi ujao? Sheria za uvuvi zilitungwa zikiwa na ziwa lenye kina kirefu akilini: matundu ya nyavu yawe mapana, msimu ufungwe, samaki wadogo waachwe wakue. Ziwa linalokauka halifuati utaratibu huo.

Chilwa ndilo shule. Liko mpakani mwa Malawi na Msumbiji, halina mto unaotoka, na hata likijaa kina chake hakifiki mita tano. Lilikauka mwaka 1968, likakauka tena mwaka 1995, na limepungua vibaya mara nyingine baada ya hapo. Hata hivyo katika miaka ya neema limewahi kutoa kiasi cha robo ya samaki wote wanaovuliwa Malawi. Kila lilipokauka, kuna waliotangaza kwamba uvuvi umekwisha. Kila maji yaliporudi, samaki walirudi nayo.

Walitoka wapi? Walikuwa wamejificha katika mito inayoingia ziwani, katika vidimbwi na vinamasi vilivyobaki na unyevu. Dagaa wadogo wa huko waitwao matemba na kambare walijaza ziwa kwa haraka. Tilapia wa Chilwa, aitwaye makumba, alichukua miaka kadhaa zaidi. Jambo hilo lilibadilisha fikira za wengi. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) ya mwaka 2003 kuhusu maziwa ya kusini mwa Afrika ilisema kwamba katika maji ya aina hii, kupanda na kushuka kwa kina huamua wingi wa samaki kuliko idadi ya wavuvi.

Kutokana na hayo wanajamii wa Chilwa walifikia makubaliano yenye busara. Ziwa lenyewe linapokauka, watu wavue, kwa sababu samaki watakaoachwa watakuwa chakula cha ndege. Lakini vidimbwi na mito ya kimbilio ilindwe kwa ukali, nyavu za kukokota zisiingie humo, wala mimea ya sumu isitumiwe. Mvuvi mmoja mwenye kokoro katika kidimbwi cha kimbilio anaweza kuharibu zaidi ya mia walio ziwani.

Hapa kwetu kanuni za uvuvi bado hazitenganishi mambo hayo mawili vya kutosha. Ziwa Kenyatta lilipokauka wakati wa ukame wa 2016 na 2017, macho ya watu yalielekezwa kwa viboko waliokuwa wakifa topeni, na ilikuwa picha ya kuhuzunisha kweli. Mabwawa madogo yanayobaki na maji hayakupata mtangazaji.

Jambo la kufanywa na kamati za usimamizi wa fuo (BMU) haligharimu fedha nyingi. Mahali penye kina kirefu zaidi na midomo ya mito ibainishwe wakati wa masika, ikubaliwe kwamba hapavuliwi, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya njaa kuanza. Yakisubiri kiangazi, hakuna atakayeyasikiliza.

Kupandikiza: historia ya Naivasha

Baada ya vifo, sauti ya kwanza kusikika huwa ile inayodai vifaranga. Wanasiasa hupenda shughuli hiyo kwa sababu hupigwa picha nzuri: mgeni mheshimiwa ameinama, mfuko wa plastiki umefunguliwa, samaki wadogo wanaogelea. Isemwe wazi kwamba mara nyingi haihitajiki. Ziwa ambalo limebakiwa na tilapia mia chache waliokomaa hujijaza lenyewe kwa kasi isiyoweza kufikiwa na kituo chochote cha kuzalisha vifaranga.

Hesabu ni rahisi. Katika mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009, kidimbwi cha mita 300 za mraba kiliwekewa vifaranga 1,000. Mtu akitaka kuijaza Naivasha kwa kipimo hicho, hata ziwa likiwa limepungua hadi kilomita 100 za mraba, atahitaji zaidi ya vifaranga milioni 330. Kinachopandikizwa ziwani ni mbegu tu, na mbegu huwa na maana pale ambapo hakuna nyingine, au pale inapotakiwa aina mpya.

Na hapo penye aina mpya ndipo pana hatari. Naivasha kwa asili ilikuwa na samaki mmoja mdogo tu, ambaye alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Samaki wengine karibu wote waliingizwa. Tilapia kutoka mto Athi aliwekwa mwaka 1925. Miaka minne baadaye akaletwa bassi kutoka Marekani, samaki anayekula wenzake, kwa ajili ya burudani ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoana. Mwaka 1956 zikaongezwa aina mbili za tilapia kutoka Ziwa Victoria. Mwaka 1970 akaja kamba wa maji baridi, asili yake Louisiana, ambaye aliuzwa ng'ambo kwa faida na wakati huo huo akafyeka mimea ya majini ambamo samaki wengine walikuwa wakizalia.

Februari 2001 uvuvi ulifungwa kwa mwaka mmoja kwa sababu samaki walikuwa wamepungua kupita kiasi. Katika kipindi hicho hicho akaonekana karpu, ambaye hakuna aliyemwalika. Inaaminika alitoroka kwenye vidimbwi vya ufugaji vilivyo kwenye mito inayoingia ziwani. Katika muda usiofika miaka kumi karpu akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wote wanaovuliwa. Wanunuzi walilalamikia miiba yake mingi, kisha wakamzoea. Wavuvi waliokuwa karibu kuacha kazi walimshukuru. Wanaikolojia hawakumshukuru. Pande zote mbili zina hoja, na hapana hata mmoja anayeweza kumtoa karpu huyo sasa.

Ndipo mwaka 2011, baada ya vifo vya mwaka uliotangulia, tilapia wa mto Nile akapandikizwa. Alikuwa amewahi kujaribiwa katika miaka ya 1960 bila kufaulu. Safari hii alishika, na ziwa lilipoendelea kujaa katika miaka iliyofuata alipata mahali pa kuzalia na kusambaa.

Faida hiyo ina gharama yake kwingineko. Tilapia wa mto Nile huzaana na tilapia wa kienyeji na kufifisha uzao wao. Kanyaboli ni mojawapo ya maji machache ambamo ngege wa asili wa Ziwa Victoria amesalia, baada ya mbuta na tilapia wa kigeni kummaliza katika ziwa kubwa. Mtu anayechukua vifaranga kutoka kituo fulani na kuvimwaga Kanyaboli kwa nia njema anaweza kufuta katika miaka michache kile ambacho kinamasi kimekihifadhi kwa maelfu ya miaka. Kuingiza samaki katika maji ya umma bila idhini ni kosa kwa sheria, na idhini hiyo hupatikana kupitia Idara ya Huduma za Uvuvi nchini.

Namna ya kupandikiza

Kwa bwawa la kijiji au silanga linalojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi, hesabu ni tofauti. Hapo hakuna samaki wa asili wa kulindwa, na kifo kinajulikana tarehe yake. Mfano wa mbali unafaa kutajwa. Katika nyanda za Kanada kuna vidimbwi ambavyo hufunikwa na barafu na theluji miezi mingi, mwanga ukakatika, oksijeni ikaisha na samaki wote wakafa. Wakulima wa huko walijifunza kuweka vifaranga vya trauti barafu inapoyeyuka, na kuwavua wote kabla ya baridi kurudi. Kidimbwi kinachoua kila mwaka kina faida moja: hakibakizi samaki wakubwa wa kula vifaranga vya mwaka unaofuata.

Kwa silanga la hapa Kenya, kiangazi huchukua nafasi ya barafu. Vifaranga viwekwe wiki kadhaa baada ya masika, maji yakiwa yametulia na tope limeshuka. Mvua ya kwanza isidanganye mtu, kwa kuwa ndiyo yenye kuleta uchafu wa msimu mzima. Kwenye joto la kutosha tilapia atafikia uzito wa kuuzika katika miezi sita hadi minane. Sehemu za milimani zenye baridi atachelewa sana, na huko ni afadhali kuchagua silanga lisilokauka au kuacha kabisa.

Mwenye kununua aulize kama vifaranga ni madume watupu. Vituo vingi huzalisha madume kwa sababu hukua haraka na hawajazi kidimbwi kwa watoto. Kwa silanga la msimu mmoja hao ndio wanaofaa. Kwa ziwa linalotarajiwa kujijaza lenyewe, ni fedha zilizotupwa majini. Palipo na kambare au bassi, vifaranga viwe vikubwa kidogo, urefu wa kidole au zaidi, la sivyo vitaliwa kabla ya juma kwisha.

Vifaranga visilishwe siku moja kabla ya safari, ili visiyachafue maji ndani ya mfuko. Visafirishwe usiku au asubuhi mapema, mifuko ikiwa imejazwa oksijeni na kuwekwa kivulini. Wakifika, mfuko uelee majini ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 30, kisha maji ya bwawa yaongezwe kidogo kidogo hadi vifaranga vitoke vyenyewe. Wanaovimwaga kwa pupa hupoteza wengi katika siku mbili za kwanza, na kwa kuwa vifaranga vilivyokufa huzama na kuliwa, hasara hiyo haionekani hadi siku ya mavuno.

Kipimo cha oksijeni ni ghali kwa kikundi kidogo. Sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kamba yenye mafundo inaweza kusaidia. Izamishwe kila juma saa sita mchana na ifuatiliwe mahali inapopotea machoni. Ikipotea kabla ya sentimita 20 hivi kwa sababu ya ukijani wala si tope, mwani umezidi na alfajiri zinazofuata ni za kuhofiwa, hasa kukiwa na mawingu mfululizo na upepo haupo. Wakati huo samadi na chakula visitiwe tena majini, na walio tayari kuuzwa wavuliwe mara moja, wakiwa hai.